Uzi: Kirusi huandikaje RNA yake ndani ya seli zetu? Tuanze na chikungunya ya Lamu ya 2004

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Assalam aleikum wanajukwaa.

Wengi wetu tulio Amu tunaikumbuka homa ya mwaka 2004, iliyofikia kilele mwezi wa Julai na kuwalaza watu nyumba baada ya nyumba kwa maumivu ya viungo. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka ule ulikadiria kwamba asilimia 75 ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa, yaani watu wapatao 13,500. Mvua ilikuwa haba, maji yakawekwa kwenye mapipa na mitungi, na mbu aina ya Aedes aegypti akapata pa kuzalia. Habari za mbu zimesemwa sana, na hata zile birika zetu za zamani zenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi zimetajwa mara nyingi. Nisiloliona likijadiliwa kwa Kiswahili ni lile linalotokea baada ya kirusi kupenya seli: namna kinavyoiandika RNA yake (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), kuiandaa, na kuifanya ikubalike mahali ambapo si pake.

Tuanze na utaratibu wa seli yenyewe, kwa kuwa bila huo ujanja wa kirusi hauonekani. Jeni zetu zimo ndani ya kiini. Kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi II husoma DNA na kutoa RNA mjumbe, lakini RNA hiyo haitoki ikiwa uchi. Ikiwa bado na urefu wa nyukleotidi, yaani herufi zake, 20 hadi 30 hivi, mwanzo wake huvishwa kofia, yaani guanini yenye kikundi cha methili, iliyounganishwa kinyumenyume kwa fosfeti tatu. Baadaye vipande visivyohitajika, yaani introni, hukatwa na vilivyobaki huunganishwa. Mwishoni hutiwa mkia wa adenini zipatazo 200. Ndipo RNA hiyo huruhusiwa kupita kwenye vitundu vya kiini na kuingia saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, ambako ribosomu huisoma na kutengeneza protini.

Kofia hiyo ina kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Ndiyo inayoshikwa na protini zinazoileta ribosomu. Ndiyo inayoizuia RNA isitafunwe kuanzia kichwani. Na ndiyo inayoiambia kinga ya ndani ya seli kwamba huyu ni mwenyeji. RNA iliyoanza kwa fosfeti tatu tupu hunaswa na mlinzi aitwaye RIG-I, naye huamsha mfumo wa interferoni, yaani protini za tahadhari dhidi ya virusi. Tatizo la kirusi ni kwamba vimeng'enya vya seli vinavyovisha kofia hufanya kazi ndani ya kiini, vikiwa vimeshikana na polimerasi II. Kirusi kinachoishi katika saitoplazimu hakivifikii. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali la kwanza la kuuliza juu ya kirusi chochote si idadi ya jeni zake bali ni hili: kofia yake inatoka wapi?

Kirusi cha chikungunya kina RNA moja yenye nyukleotidi zipatazo 11,800, ya mwelekeo chanya, maana yake inasomeka moja kwa moja na ribosomu. Nayo hufika ikiwa tayari ina kofia na mkia, vilivyotengenezwa katika seli ya mwanzo ilikozaliwa. Ribosomu huikuta, hushika kazi, na hutoa protini moja ndefu ambayo hujikata na kuwa protini nne, nsP1 hadi nsP4. Hizo nne ndizo kiwanda. Ya nne ni polimerasi yenyewe, inayonakili RNA kutoka kwa RNA, kazi ambayo seli zetu hazina chombo cha kuifanya kwa namna ile. Ya kwanza ndiyo fundi wa kofia.

Karibuni kwa maswali. Naomba tusitoke nje ya mada.

MwanaShela

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Nina maswali mawili. Kwanza, ikiwa RNA iliyoingia inasomeka moja kwa moja, kwa nini nimesoma kwamba kirusi hutengeneza kwanza nakala hasi ambayo ribosomu haiwezi kuisoma? Huo si mzunguko wa bure? Pili, ikiwa chikungunya huishi katika saitoplazimu, kwa nini wataalamu husema protini yake moja huonekana ndani ya kiini?

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Maswali yako, ndugu yangu, yanafika kwenye kiini cha mambo, kwa maana zote mbili.

Polimerasi hunakili kwa kuoanisha herufi, adenini kwa urasili na guanini kwa sitosini, hivyo kutoka kwenye chanya haiwezi kupata chanya nyingine bila kupitia hasi. Nakala hasi ni kiolezo. Lakini kirusi kikiendelea kutengeneza violezo tu, hakitapata kizazi, na kikiacha mapema mno, hakitakuwa na violezo vya kutosha. Uamuzi huu umo katika mpangilio wa ukataji wa ile protini ndefu. Kwanza nsP4 hukatwa na kuachwa huru, huku nsP1, nsP2 na nsP3 zikiwa bado zimeshikana. Kundi la namna hiyo ndilo linalotengeneza nakala hasi. Kisha makasi, ambayo ni sehemu ya nsP2, hukata kati ya ya kwanza na ya pili, na baadaye kati ya ya pili na ya tatu. Mkato huu wa mwisho ukishafanyika, kundi lilelile hubadilika tabia: huacha kutengeneza hasi na kugeukia chanya. Na kwa kuwa mkato huo hutegemea molekuli moja kuikata nyingine, hutokea vizuri zaidi protini zinapokuwa nyingi. Wingi wenyewe ndio saa. Mimi binafsi, katika mambo yote niliyosoma juu ya kirusi hiki, hili ndilo linalonishangaza kuliko yote.

Baada ya hapo, kutoka kwenye kiolezo hasi hutoka RNA za aina mbili. Moja ni ile kamili, itakayofungwa ndani ya virusi vipya. Nyingine ni fupi, iitwayo 26S, yenye nyukleotidi zipatazo 4,000, inayoanzia katikati ya kiolezo na kubeba maelekezo ya protini za ganda peke yake. Hii fupi hutengenezwa kwa wingi zaidi, jambo linaloeleweka, kwa kuwa kila kirusi kipya kinahitaji RNA moja tu lakini kinahitaji protini za ganda kwa mamia.

Kazi yote hii hufanyika ndani ya vifuko vidogo vinavyojitokeza kwenye utando wa seli, vyenye shingo nyembamba. Mwaka 2021 wachunguzi walionyesha kwamba nsP1 hujipanga kuwa pete ya vipande 12 kwenye shingo hiyo. Kwa hiyo fundi wa kofia anakaa mlangoni, na ndani ya kifuko RNA yenye nyuzi mbili, ambayo ingegunduliwa haraka na walinzi wa seli, imefichwa.

Kuhusu kiini: protini inayokwenda huko ni nsP2. Haiendi kunakili chochote. Hufika na kusababisha kuvunjwa kwa Rpb1, sehemu kubwa kuliko zote ya polimerasi II. Seli ikishapoteza chombo hicho, haiwezi tena kuandika RNA mpya za kujikinga, zikiwemo zile za interferoni, ilhali kirusi, ambacho hakikuitegemea polimerasi hiyo tangu mwanzo, huendelea kama kawaida.

Fundi wa Maabara, Malindi

Mwalimu, nakushukuru. Naomba niongeze mifano kutoka upande wetu huu wa pwani, kwani swali lako la kofia hujibiwa kwa namna tofauti na kila jamaa.

Homa ya dengi ilithibitishwa hapa Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikiwa ni aina ya pili ya kirusi hicho. RNA yake inakaribia ile ya chikungunya kwa urefu, nyukleotidi 10,700 hivi, nayo ni chanya na ina kofia, ila haina mkia wa adenini. Mahali pa mkia kuna RNA iliyojikunja mafundo. Kimeng'enya cha seli kiitwacho XRN1, ambacho kazi yake ni kutafuna RNA zilizopoteza kofia kuanzia kichwani hadi mwisho, hufika kwenye mafundo hayo na kukwama. Kipande kinachobaki, cha nyukleotidi mia tatu hadi mia tano hivi, hakitengenezi protini yoyote, lakini hurundikana na kuidhoofisha kinga ya seli. Tazameni basi: chombo cha kuharibu RNA ndicho kinachomtengenezea adui silaha yake.

Wafugaji wa Tana River na Garissa, na hata sisi wa Kilifi, tuliipata homa ya Bonde la Ufa baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2006 hadi mwanzoni mwa 2007. Kirusi chake, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Naivasha mwaka 1931, kina RNA tatu za mwelekeo hasi. RNA hasi ikiingia peke yake ndani ya seli haina maana yoyote, kwa sababu ribosomu haiisomi; ndiyo maana kirusi cha namna hii hulazimika kuingia na polimerasi yake mkononi. Polimerasi hiyo haijui kutengeneza kofia. Hukata kichwa cha RNA ya seli, kofia ikiwemo, na kukitumia kama mwanzo wa RNA yake. Ni sawa na yule anayetoka msikitini kwa viatu vya mwenziwe: yeye anafika kwake salama, na mwenye viatu anabaki pekupeku.

Mafua ya influenza hufanya vivyo hivyo lakini ndani ya kiini. Polimerasi yake ina sehemu tatu: PB2 hushika kofia, PA hukata nyukleotidi 10 hadi 13 baada ya kofia hiyo, na PB1 huendeleza uandishi. Kwa kuwa inahitaji kofia mbichi zinazotoka kwa polimerasi II, sumu ya uyoga iitwayo alfa-amanitini, inayoisimamisha polimerasi II, huisimamisha influenza pia, ingawa haigusi polimerasi ya kirusi hata kidogo. Kuhusu mkia, polimerasi ya influenza hufika kwenye safu ya urasili tano hadi saba, ikashindwa kusonga, ikawa inairudiarudia safu hiyo hadi mkia wa adenini unapatikana. Dawa iitwayo baloksaviri, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, huziba pale PA inapokatia. Bila kofia za wizi, uandishi haulianzi hata neno la kwanza.

Mzee wa Langoni

Nimesoma yote kwa utulivu, wanangu, na nimefaidika. Nina lalamiko moja dogo: mnasema kirusi "huiba", "hudanganya", "huamua". Kirusi hakina akili. Semeni kwamba waliokosa njia hiyo hawakubaki, waliobaki ndio tunaowaona. Baada ya hapo nauliza: je, kipo kirusi kisicho na kofia kabisa na bado kinaishi? Na korona, ambayo sote tuliiona, imo katika kundi gani?

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Shikamoo Mzee. Lalamiko lako ni la haki, ingawa lugha itatuvuta tena huko huko kabla ya jioni.

Kipo, na ni maarufu: kirusi cha polio. RNA yake haina kofia. Mwanzoni imeshikizwa protini ndogo iitwayo VPg, na ribosomu huipokea ndani, mbali na mwanzo, kwenye sehemu ya RNA iliyojikunja kwa umbo maalumu. Njia hiyo ya kuingilia ilielezwa mwaka 1988. Kisha kimeng'enya cha kirusi kiitwacho 2A huikata protini ya eIF4G, ambayo ndiyo kiungo kati ya kofia na ribosomu. Kuanzia hapo RNA za seli zenye kofia hukosa ribosomu, na ile isiyo na kofia huhudumiwa. Kwa hiyo kirusi hiki hakikulijibu swali langu, kililifuta.

Korona ni chanya kama chikungunya, lakini RNA yake ni ndefu kupita kiasi, nyukleotidi karibu 30,000. Vimeng'enya vyake huvisha kofia kamili, ikiwa ni pamoja na methili ya ziada kwenye nyukleotidi ya kwanza baada ya kofia, ambayo huwekwa na nsp16. Methili hiyo ndogo ina uzito. Seli zetu huiweka, na mlinzi mmoja aitwaye IFIT1 huzikamata RNA zisizo nayo. Chikungunya na ndugu zake hawaiweki. Katika baadhi ya ndugu hao imeonekana kwamba mwanzo wa RNA umejikunja kwa namna inayomzuia IFIT1 asishike. Influenza haina wasiwasi huo, kwa kuwa inachukua kofia iliyokwisha kukamilishwa na mwenyewe.

Jambo la pekee kwa korona ni uandishi wa kuruka. Polimerasi inapotengeneza nakala hasi kuanzia mkiani, hufika kwenye alama fulani kabla ya jeni, na mara nyingine huachia hapo na kurukia mwanzo kabisa wa RNA, kwenye kipande cha nyukleotidi 70 hivi. Matokeo yake ni RNA fupi za urefu mbalimbali, zote zikiwa na kichwa kimoja na mkia mmoja. Halafu nsp1 ya korona (si ile nsP1 ya chikungunya) huiziba njia ambayo RNA hupitia ndani ya ribosomu, na RNA zenye kile kichwa cha pamoja ndizo zinazosalimika na kizuizi hicho. Uandishi na hujuma vimefungwa pamoja. Mzee, nimesema "hujuma", nisamehe.

Mzee wa Langoni

Marahaba. Umesamehewa.

Binti wa Witu

Mwalimu na kaka wa maabara, hamjagusa ule ukataji wa introni isipokuwa kwa kupita. Je, virusi vinautumia? Na virusi vya UKIMWI, ambavyo huingia hadi kwenye DNA yetu, vina tatizo gani la kofia?

Fundi wa Maabara, Malindi

Dada, kwanza ujue kwamba ukataji huo wenyewe uligunduliwa kwa msaada wa kirusi. Mwaka 1977 Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na kikundi chake, waliilinganisha RNA mjumbe ya adenovirusi na DNA yake na kuona vitanzi vya DNA visivyo na mwenza. Vitanzi hivyo ndivyo vipande vilivyokatwa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

VVU hutanguliza kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA, kilichogunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja peke yake. DNA hiyo ikishajichomeka katika kromosomu zetu, tatizo la kofia linakwisha, kwa kuwa polimerasi II yetu ndiyo inayoandika, na kofia, mkia na ukataji vyote vinatolewa na seli. Kinachobaki ni tatizo la kinyume. Polimerasi hukwama njiani mara kwa mara, hadi protini ya Tat ishike kitanzi cha mwanzo wa RNA na kuileta protini ya seli iitwayo P-TEFb, inayoisukuma polimerasi iendelee. Zaidi ya hapo, seli haitoi nje ya kiini RNA ambayo bado ina introni, ilhali kirusi kinaihitaji RNA nzima isiyokatwa, kwa kuwa ndiyo itakayofungwa ndani ya virusi vipya.

Jawabu ni protini ya Rev. Rev hushika sehemu fulani ya RNA isiyokatwa na kuipitisha kwa mlango wa CRM1. Lakini Rev yenyewe huzaliwa kutoka kwa RNA iliyokatwa kikamilifu. Kwa hiyo mwanzoni hutoka nje zilizokatwa tu. Rev ikishakuwa ya kutosha na kurudi kiinini, ndipo zile nzima zinapoanza kutoka. Ule mpango wa saa aliousifu Mwalimu kwa chikungunya upo na hapa, ila umejengwa kwa chombo kingine kabisa. Hata influenza hutumia ukataji wa seli, kwenye vipande vyake viwili kati ya vinane: cha M hutoa M1 na M2, na cha NS hutoa NS1 na NEP.

MwanaShela

Kaka, chanjo za RNA zilizotolewa wakati wa korona ziliupataje mkia na kofia, ikiwa zilitengenezwa kiwandani bila kiini wala kirusi?

Fundi wa Maabara, Malindi

Mkia huandikwa kwenye kiolezo chenyewe cha DNA au huongezwa baadaye. Kofia huwekwa kwa njia mbili: ama kwa molekuli ya kofia iliyokwisha tengenezwa, ambayo uandishi huanzia nayo, ama kwa kimeng'enya cha kuvisha kofia cha kirusi cha vaksinia, jamaa wa ndui. Vaksinia ni kirusi cha DNA kinachoishi saitoplazimu, na kwa sababu hiyo kimelazimika kubeba polimerasi yake, fundi wake wa kofia na fundi wake wa mkia. Vifaa vyake vinafanya kazi ndani ya chupa bila kuhitaji kiini, ndiyo maana maabara nyingi huvitumia. Kuhusu kuikwepa kinga, Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba kubadili nyukleotidi fulani huifanya RNA isiamshe walinzi wa seli kupita kiasi, na kwa kazi hiyo walipewa Nobel mwaka 2023.

Binti wa Witu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mgonjwa wa chikungunya akipimwa damu kwa PCR, kipimo cha kutafuta RNA ya kirusi, kinachoonekana ni RNA ipi kati ya hizo mbili, ile kamili au ile fupi ya 26S?

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Kwa sehemu kubwa ni ile kamili, dada. Alama inayoiruhusu RNA kufungwa ndani ya kirusi kipya imo katika nusu ya kwanza, kwenye jeni ya nsP2, na 26S haina nusu hiyo, kwa hiyo hubaki ndani ya seli ilikozaliwa. Majimaji ya damu hubeba virusi vilivyofungwa, na kila kimoja kina RNA kamili. Kipimo hicho hufaa zaidi katika juma la kwanza la homa. Baada ya hapo RNA hupungua kwenye damu, na maabara hutafuta kingamwili za IgM badala yake, hata kama viungo vya mgonjwa bado vinauma.